Ukinunua Citation ya zamani, nunua injini zake

Cessna Citation 500 na 501, ndege ndogo za jeti za miaka ya 1970, siku hizi huuzwa kwa bei ambayo mfanyabiashara wa kati anaweza kuifikiria. Bei hiyo inawaponza wengi. Ndege imeshuka thamani, lakini vipuri, mafuta na ujira wa fundi havikushuka pamoja nayo. Kwa maoni yangu, thamani ya ndege hizi imo ndani ya injini zake mbili za JT15D na katika vitabu vya kumbukumbu za matengenezo. Rangi mpya na viti vya ngozi usivihesabie chochote.

JT15D-1A hutakiwa ukarabati mkuu kila baada ya saa 3,500. Katikati, kwenye saa 1,750, sehemu ya moto hufunguliwa ili kukagua chemba ya mwako na mapanga ya turbini. Kukarabati injini zote mbili kunaweza kugharimu zaidi kuliko ndege nzima, kwa hiyo ndege iliyobakiza saa 200 kabla ya ukarabati ni ghali hata muuzaji akipunguza nusu ya bei. Zaidi ya saa kuna mizunguko: diski za injini, zile zinazobeba mapanga, zina kikomo cha idadi ya safari, iwe ndefu au fupi. Ndege iliyozoea kuruka dakika 25 na kutua inaweza kuwa na saa chache za kuvutia huku diski zake zikikaribia mwisho. Dai karatasi ya kila diski, na namba iliyoandikwa humo ilingane na iliyo kwenye injini. Karatasi ikikosekana, hesabu kwamba diski hiyo utainunua.

Injini hizi huharibiwa zaidi wakati wa kuwashwa. Betri ni ya nikeli na kadimiamu, na ndiyo inayozungusha injini hadi mafuta yafunguliwe, mzunguko wa N2, yaani kasi ya kiini cha injini, ukifika angalau asilimia 8. Betri ikiwa dhaifu injini inazunguka polepole, hewa inayopita ni kidogo, mafuta yanaungua bila kupozwa na joto linaruka ghafla. Sekunde chache za namna hiyo zinatosha kuunguza mapanga. Pakiwa na mashine ya umeme ya uwanjani, itumie, na macho yasitoke kwenye kipimo cha joto. Kikipanda kwa kasi, kata mafuta mara moja bila kungoja kifike kikomo. Baada ya kuwasha kwa betri kadhaa mfululizo, betri yenyewe hupata joto: taa ya onyo huwaka kwenye nyuzi 63 za Selsiasi na huanza kumweka kwenye 71. Taa hiyo si ya kupuuzwa, kwa sababu betri ya aina hii inaweza kuendelea kujichemsha yenyewe hadi iungue.

Jambo jingine linalotenganisha ndege nzuri na mzigo ni kibali cha RVSM, yaani ruhusa ya kuruka kati ya futi 29,000 na 41,000 ambako ndege hupishana juu na chini kwa futi 1,000 tu. Marekani ilianza utaratibu huo Januari 2005, na Afrika tarehe 25 Septemba 2008. Citation isiyo na vifaa vyake huzuiwa futi 28,000 na chini, ingawa nyingi zimeundwa kufika 41,000. Huko chini hewa ni nzito, mafuta yanaungua kwa wingi na umbali wa safari unapungua vibaya. Mimi nisingeinunua bila kibali hicho.

Mafuta nayo yana sharti lake. Ndege hizi hutaka dawa ya kuzuia maji kuganda ndani ya mafuta, na Jet A-1 ya kawaida mara nyingi haina. Kwa dawa ya DIEGME kiwango ni asilimia 0.10 hadi 0.15, yaani lita 1 hadi 1.5 kwa kila lita 1,000. Ichanganywe mafuta yanapoingia. Ukiimimina yote kwa mpigo, inatuama chini na kula rangi na gundi ya tangi, kisha mbawa zinaanza kuvuja.

Ukiiweka Mombasa au Zanzibar, chumvi inaingia kwenye kompresa, sehemu ya injini inayokandamiza hewa, hivyo panga kuiosha kwa maji yasiyo na madini mara kwa mara. Fundi afunue pia sakafu chini ya choo. Kutu hupenda kujificha hapo. Uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, uko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, na adhuhuri ya joto injini hazisukumi kama pwani. Hesabu ya kuruka ifanyike kwa uzito na joto la saa ile, na ikidai abiria wawili washuke, washuke.

Kalenda haijali kama unaruka. Ukaguzi wa awamu ya 1 hadi 4 huja kila saa 300 au miezi 24, na wa awamu ya 5 kila saa 1,200 au miezi 36. Chupa za kuzimia moto, mtungi wa oksijeni na wa naitrojeni ya kushushia magurudumu wakati wa dharura, kila mmoja una tarehe yake. Mwenye safari fupi na chache namshauri achukue King Air, ndege ya turbini yenye propela. Atachelewa dakika chache njiani, lakini matumizi yake ya mafuta akiruka chini hayatamuumiza kiasi hicho.