Kusema fahamu ni kazi ya ubongo sio kusema mtu ni nyama

Ukisema mbele ya watu kwamba fahamu, yaani huku kujisikia uko, kuona rangi, kuumwa na jino, kumkumbuka mamako, yote ni kazi ya ubongo na hakuna kitu kingine kimejificha nyuma yake, huku Kisumu utaangaliwa kama mtu ametukana marehemu. Na sio wa kanisa pekee, hata wale hawajakanyaga kanisa tangu wabatizwe watakuuliza, kwani mtu ni nyama tu?

Ndivyo ilienda juzi kwa matanga upande wa Nyakach. Kijana mmoja anafanya kazi wodi ya watoto alitoa hayo maoni, mwalimu mstaafu akamkatiza, "Daktari, kwa hivyo huyu mzee tunayemlilia alikuwa nyama na stima?" Kijana akajibu, "Hapana mwalimu, sijafika huko," lakini mwalimu alikuwa ashachukua usukani: ubongo ni redio, roho ndio stesheni, redio ikiharibika hupati sauti lakini stesheni bado inatangaza. Watu wakapiga makofi, chai ikaja, ikaishia hapo. Mimi naona kijana alionewa.

Anza na kile anaonanga kazini. Mtoto analetwa kutoka Ahero au Muhoroni na malaria kali, degedege, macho yamegeuka, unamuita haitiki. Kati ya vitu vya kwanza ni kumtoa tone la damu kidoleni wapime sukari, juu malaria kali inaweza kumaliza sukari mwilini, na ubongo wa mtu mzima, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wake, unakula karibu asilimia 20 ya nguvu yote. Sukari ikipatikana imeshuka anawekewa dekstrosi, yaani sukari ya maji, kwa mshipa, na kama shida ilikuwa hiyo, dakika chache mtoto anafungua macho anaanza kutafuta mamake. Ndio maana haiitwi malaria ya ubongo mpaka sukari irekebishwe kwanza na ionekane bado yuko kwa koma. Sasa fahamu ikiondoka na sukari na kurudi na sukari, mwenye kazi ya kueleza ni yule anasema hivyo vitu viwili havijuani.

Mwalimu atasema hiyo ni betri ya redio imeisha. Sawa. Chukua basi Phineas Gage, msimamizi wa kazi ya reli huko Vermont, Marekani. Mwaka 1848 baruti ililipuka, chuma kikamwingia chini ya jicho kikatokea utosini. Alipona, akaongea, akatembea, lakini waliomjua walisema huyu sio Gage tena, amekuwa wa matusi, hana subira, anapanga jambo analiacha katikati. (Kuna wanahistoria wanasema chumvi iliongezwa na baadaye alitulia, hata akaenda Chile kuendesha magari ya farasi, na hiyo pia tukubali.) Redio mbovu inakwaruza tu, haimbadilishi mtangazaji tabia.

Lakini kile kinaniuma zaidi ni hii dhana kwamba watu wa ubongo hawana utu. Mwaka 2006 mwanasayansi wa ubongo Adrian Owen na wenzake waliripoti habari ya mwanamke wa miaka 23 huko Uingereza, amegongwa barabarani, miezi mitano macho yanafunguka lakini hakuna kitu anaonyesha. Wakamuweka kwa skana, mashine ya kupiga picha ubongo ukifanya kazi, wakamwambia awaze anacheza tenisi, halafu awaze anatembea ndani ya nyumba yake chumba kwa chumba. Sehemu za ubongo zilizofanya kazi zilikuwa zile zile za watu wazima wa afya wakipewa maagizo hayo. Alikuwa ndani, anasikia, anatii.

Mwaka 2024 ukaja utafiti wa wagonjwa wengi, vituo kadhaa vya Marekani na Ulaya. Wagonjwa 241 waliokuwa hawaitikii amri yoyote kwa macho ya daktari walipimwa hivyo, na 60 kati yao ubongo ukaonyesha wanafuata maagizo. Robo! Hebu fikiria hiyo robo vizuri. Fikiria wodi yoyote unayoijua, mzee amelala, ndugu wamemzunguka wanaongelea bili, nani atauza ng'ombe, kama ile shamba ya barabarani igawanywe sasa ama ingoje, wanaongea juu ya kichwa chake kama anaongelewa mtu wa kijiji kingine. Na usidhani wale robo tatu waliobaki hawakuwemo, juu kwa utafiti huo huo kulikuwa na wagonjwa 112 ambao waliweza kufuata amri kwa mwili, wazi kabisa, na kipimo kikawapata asilimia 38 pekee. Yaani hicho kipimo kinakosa watu tunaojua wapo. Kwa hivyo hiyo robo huenda ni ndogo kuliko ukweli wenyewe. Anayeamini roho pia anaweza kumheshimu mgonjwa, sikatai, wengi ndio hukesha nao. Lakini aliyeamini fahamu ni kazi ya ubongo alikuwa na sababu ya kwenda kuitafuta mahali mwili umenyamaza, na akaipata.

Sasa upande wa mwalimu uko na hoja nzito kuliko redio, na pale matangani hakuna aliyeigusa. Ile skana haikuona tenisi. Iliona damu na oksijeni. Ilijulikanaje hiyo damu ni tenisi? Kwa sababu watu wazima wa afya waliambiwa wawaze tenisi, tukaamini waliwaza. Chini kabisa ya sayansi yote hiyo kuna mtu anakwambia venye anasikia ndani. Ndio mwanafalsafa David Chalmers miaka ya 90 akaliita tatizo gumu: hata ukichora kila waya wa ubongo bado hujasema kwa nini mwenye huo ubongo anasikia chochote ndani yake. Mwaka 1998 Christof Koch, mtu wa maabara, aliwekeana dau naye kwamba ndani ya miaka 25 alama za fahamu kwenye ubongo zitakuwa zimejulikana wazi. 2023 Koch akakubali ameshindwa, akalipa kwa mvinyo. Na kuna ile ya seli za neva, ubongo uko nazo karibu bilioni 86, kama bilioni 69 ziko kwa ule ubongo mdogo wa kisogoni, na kuna watu wamezaliwa bila huo wakaishi na fahamu zao. Watu wa ubongo wanasema basi ni mpangilio sio wingi. Mbona mpangilio huu usikie na ule usisikie? Hapo wengi wanakohoa.

Lakini mwalimu naye ana deni. Binti mfalme Elisabeth wa Bohemia alimuuliza Descartes, mwanafalsafa aliyesema roho na mwili ni vitu viwili tofauti, mwaka 1643, roho isiyo na umbo inasukumaje mwili? Hakupata jibu la kumtosha. Ukiuliza roho inasikiaje uchungu utaambiwa inasikia tu, ndivyo iko. Kama roho inaruhusiwa kusikia tu, kwa nini ubongo unyimwe?

Na wale husema hii ni fikra ya wazungu, mwanafalsafa Kwasi Wiredu wa Ghana alieleza kwamba kwa Waakan, watu wa huko kwao, akili sio kitu kimekaa ndani ya mtu, ni uwezo wake wa kuwaza. Wazee wetu pia hawakuwa wote upande wa stesheni.

Koch na Chalmers wameweka dau tena, miaka mingine 25, jibu 2048. Mimi ningeweka pesa kwa Koch, ila sio ya karo.