Saa 32 za CEU na bado hatusomi

Jumapili nlikuwa nasonga ugali, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, webina ya CEU, yale mafunzo ya lazima ya kazini, inaongea peke yake, na kila baada ya muda wanataja neno la siri ili wajue uko macho, mi nakimbia na mwiko mkononi naliandika kwenye kisanduku kisha narudi kwa sufuria kabla haijaungua. Cheti kikaingia kwa imeli kabla hata sijaosha vyombo. Ukiniuliza mada ilikuwa nini nakwambia tu slaidi zilikuwa za bluu.

Sisi wachambuzi wa tabia wenye cheti cha BCBA, wengi tukifanya kazi na watoto wenye usonji, kila miaka 2 tunadaiwa saa 32 za mafunzo, 4 za maadili, na ukiwa unasimamia wengine kuna 3 za usimamizi. Sina ugomvi na hizo saa. Shida ni kwamba tumeshazifanya ndio kusoma kwenyewe. Kanuni za maadili za BACB, bodi ya Marekani inayotoa hicho cheti, zilizoanza kutumika 2022, kipengele 1.06, zinataka tuutunze ujuzi wetu, na kitu cha kwanza zinachotaja ni kusoma maandiko ya kitaalamu, makongamano na warsha vinafuata baadaye. Sasa tuulizane bila kuoneana haya, makala nzima ya utafiti, sio muhtasari, ulisoma lini mara ya mwisho?

Mi nlirudi kusoma kwa aibu. Hapa Minnesota nlikuwa naenda nyumbani kwa familia moja ya Wakongo, mtoto ana usonji, ukimnyang'anya tableti anapiga mayowe na kujigonga kichwa. Nikawa nafanya nlichofundishwa miaka hiyo, kazi iishe kwanza, kelele zisimpatie kitu, tunasubiri. Siku moja akalia mpaka akatapika. Mama yake akaniangalia akasema, "Dada, mtoto anatapika na wewe uko unaandika tu?" Kweli nlikuwa naandika. Naweka alama za data.

Jioni hiyo nikakaa garini, hita inanguruma, nikatafuta. Nikaangukia makala ya mtafiti Gregory Hanley na wenzake, ya 2014 kwenye JABA, jarida la utafiti la fani yetu, watoto 3. Muhtasari wake ni mtamu ila haukusaidii kesho asubuhi, cha maana kiko kule kwenye sehemu ya mbinu ambayo wote tunairuka: waliwahoji wazazi kwanza, wakamfundisha mtoto maneno mafupi ya kuomba anachotaka, halafu ndio wakaanza kumzoesha kusubiri na kuambiwa hapana, na hata hapo mara nyingine akiomba alipewa papo hapo, mara nyingine aliambiwa ngoja, asiweze kukisia ni ipi. Hicho kijisentensi cha kutokisia ndicho kilichobadilisha kazi yangu pale nyumbani, na kwenye slaidi sikuwahi kukiona.

Ila usiishie hapo ukajiona umefika. 2016 Wayne Fisher na wenzake wakatoa yao kwenye jarida hilohilo, wakihoji kama kweli kuna haja ya kuzichanganya kwenye jaribio moja, kama alivyofanya Hanley, sababu zote zinazomfanya mtoto alipuke (kutaka kitu, kukwepa kazi), na kwa wengi wa watoto wao kuzipima mojamoja kulitosha. Nlikasirika kidogo nlipoisoma, manake nlishampenda Hanley kama timu ya mpira.

Kisingizio cha pesa nakikubali nusu. JABA za zamani, kuanzia ile ya kwanza ya 1968, ziko bure PubMed Central, maktaba ya makala ya mtandaoni, na ile ya Iwata na wenzake kuhusu watoto wanaojiumiza, ya 1982, ilichapwa tena humo 1994, kwa hiyo unaipata bila senti. Mpya ndio balaa. Rafiki yangu Nairobi hana logini ya chuo, kwa hiyo anawaandikia watafiti wenyewe imeli kuomba nakala. Anasema wengi wanamtumia, tena kwa furaha, nadhani hakuna anayewaombaga.

Kisingizio cha muda hicho nakielewa zaidi. Bima inalipia saa ulizokaa na mtoto, ya kusoma hailipi mtu, na bosi mmoja niliyewahi kuwa naye alikuwa anapita akikukuta na PDF anauliza una klaenti saa ngapi. Nlijaribu simu inisomee nikiwa njiani, ile sauti ya roboti ikanisomea jedwali zima, tarakimu baada ya tarakimu, mpaka nikapitiliza eksiti.

Kinachonibeba saa hizi ni watu watatu, Alhamisi moja kwa mwezi, makala moja, na lazima itokane na mtoto ambaye mmoja wetu anaye. Ambaye hajasoma haruhusiwi kukaa kimya, anapewa grafu tu, maneno yamefunikwa, atuambie mstari wa tabia ngumu ulishuka lini na kama ulirudi kupanda walipoondoa tiba. Mara mbili aliyekuwa hajasoma ndiye aliyegundua kwamba kabla hata ya tiba mstari ulikuwa ushaanza kushuka wenyewe, wakati sisi tuliosoma tumeshaamini maneno ya waandishi.

Alhamisi hii zamu ni yangu. Nina mtoto anayekula vitu vitatu tu, vyote vyeupe, na makala sijachagua. Webina ya maadili nayo inaanza saa mbili usiku, hiyo itabidi iendelee kuongea na kopo la sukari.