Gari kuukuu la 4WD mbele ya mkaguzi: linaaminika kiasi gani?

Kuna wanaoapa kwamba gari la 4WD (linaloweza kuvuta kwa magurudumu yote manne) la miaka 25, kama Land Cruiser, Patrol au Defender, hupita ukaguzi wa usalama kirahisi kuliko gari dogo la juzi: chuma chake kinene, mitambo yake michache. Na kuna wanaoapa kwamba gari la namna hiyo halijawahi kupandishwa kwenye lifti ya mkaguzi likashuka bila orodha ya makosa. Pande zote mbili zina ushahidi, ila kila upande unatazama sehemu yake ya gari lilelile.

Wanaolisifu wana hoja nzito. Magari ya karibuni huangushwa sana na taa za onyo kwenye dashibodi: ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama unapofunga breki), eabegi, injini. Gari lililotoka kiwandani bila vitu hivyo halina taa ya kuwaka. Tena nchi nyingi hulipima gari kwa viwango vya enzi yake. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, gari la abiria la kabla ya 2012 kwa kawaida hudaiwa nguvu ya breki ya asilimia 50 ya uzito wake. La baada ya hapo hudaiwa 58. Na linapokwama, mara nyingi hurekebishika pale pale. Beringi za magurudumu ya mbele zikilegea hazitupwi na habu nzima (kitovu kinachoshika gurudumu) kama kwenye magari mengi mapya. Zinafunguliwa, zinapakwa grisi, nati inakazwa upya.

Sifa hizo zipokelewe kwa tahadhari, lakini. Magari mabovu ya umri huo yalishakatwakatwa yakauzwa vyuma chakavu. Yanayofika kwa mkaguzi leo ni yale yaliyolelewa, kwa hiyo likipita, sehemu kubwa ya sifa ni ya mwenyewe na fundi wake.

Lisipopita, shida huwa si injini wala giaboksi. Ni vitu vya kawaida kabisa vinavyobebeshwa tani mbili na zaidi, tairi pana na matope. Sehemu ya mbele ndiyo ya kwanza kusema. Inua gurudumu kwa jeki, weka stendi chini ya ekseli, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea, mbaya ni beringi. Ukibaki, tazama bol jointi, au kingpini kwenye magari ya ekseli nzima ya mbele, yaani viungo ambavyo gurudumu hugeukia. Kisha shika kushoto na kulia: mchezo wa upande huo ambao haupotei kwa breki mara nyingi ni wa tairodi endi, kiungo cha fito ya usukani kwenye gurudumu. Ni kazi ya dakika kumi, na wengi hawaifanyi mpaka mkaguzi awafanyie.

Bushi, mipira iliyo kwenye maungio ya chini ya gari, nazo huchakaa kimyakimya. Kwenye gari la springi za koili, bushi za mikono inayoshika ekseli na za ile fito ya pembeni zikifa, usukani hutetemeka na gari huvutwa upande. Mkaguzi hapigi ramli; anaingiza mtaimbo na kuona mpira umepasuka.

Kwenye breki ndipo lawama nyingi za upande wa pili zinapostahili. Chukua ekseli ya nyuma ya drami, breki ambazo shuu zake hukandamiza ndani ya ngoma ya chuma. Sili ya shafti ikivuja, oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) huingia ndani ya drami na kulowesha shuu. Gurudumu moja hushika, jingine huteleza, na mashine ya rola, inayozungusha magurudumu ili kupima breki, huonyesha tofauti ya kushoto na kulia; kwa kanuni hizohizo za Ulaya, tofauti ikizidi asilimia 30 gari limeanguka. Fundi mwenye haraka hubadilisha sili na shuu, akarudisha drami, na baada ya miezi michache oili inarudi. Sababu iko juu ya ekseli: tundu la kupumulia la difu limezibwa na tope. Difu likipata joto, hewa ndani hutanuka, haina pa kutokea, inaisukuma oili kupitia sili. Safisha tundu hilo kwanza. Na shuu iliyolowa oili haisafishwi kwa petroli ikarudi kazini. Inabadilishwa, kushoto na kulia kwa pamoja.

Gari linalovuta magurudumu yote manne muda wote lina jambo lake: halipaswi kupimwa ovyo kwenye rola za ekseli moja, maana rola zinazungusha magurudumu mawili huku mengine yamesimama, na transfa (giaboksi inayogawa nguvu mbele na nyuma) inaweza kuumia. Defender, ambayo breki yake ya mkono hushika propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) badala ya magurudumu, inahitaji uangalifu zaidi. Mkaguzi aambiwe mapema ili apime kwa mwendo, kwa kifaa cha kupima kupungua kwa kasi.

Waliolinyanyua gari lao wamejiongezea mitego. Ukiweka springi zinazoinua gari kwa sentimita 5, taa kubwa huinua macho na kuwapofusha wanaokuja, na mipira ya breki inaweza kuvutika mno ekseli ikining'inia. Kibaya zaidi hakionekani. Magari mengi ya aina hii yana valvu ya breki za nyuma inayosoma uzito kwa mkono mdogo uliofungwa kwenye ekseli. Gari likipanda juu, valvu hudhani halina mzigo, hupunguza nguvu ya breki za nyuma, na gari linaanguka kwa breki ambazo ni nzima. Mkono huo lazima urekebishwe kufuata kimo kipya.

Moshi wa dizeli hauna mengi: chujio la hewa safi, nozeli (za kunyunyiza dizeli) zilizopimwa, injini iwe na joto lake la kazi. Ila kipimo chenyewe hukanyaga mafuta mpaka mwisho mara kadhaa, kwa hiyo timingi belti (mkanda unaoendesha valvu za injini) ambayo historia yake haijulikani ibadilishwe kabla. Ikikatika pale, umepoteza zaidi ya cheti.

Yote hayo ni ya spana. Chesisi, fremu ya chuma inayobeba gari, ni habari nyingine, na jina kubwa halikingi: mwaka 2016 Toyota iliingia makubaliano ya kesi nchini Marekani kuhusu kutu ya chesisi za magari yake ya Tacoma, Tundra na Sequoia. Chesisi ya boksi, yenye uwazi ndani, hukusanya tope ndani, maji hayatoki, kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Rangi ya lami iliyopakwa jana haimdanganyi mkaguzi, inamwamsha. Gonga kwa nyundo ndogo, hasa pale springi za nyuma zinaposhikia na juu ya ekseli ambako tope halifikiwi na maji ya kuoshea. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kibuyu, na bisibisi huzama. Kiraka kinachokubalika kinaanzia kwenye chuma kizima na kulehemiwa mfululizo pande zote, si nukta nne za haraka.

Cheti nacho kina mipaka. Kwa kawaida mkaguzi haingizi transfa kwenye gia nzito wala kuangalia kama habu za mbele zinajifunga ili kuyaunganisha magurudumu na ekseli. Gari linaweza kupita bila kosa hata moja huku mbele hakuvuti kabisa. Anayenunua kwa kutazama tarehe ya ukaguzi alipeleke kwenye udongo laini, aingize 4WD, aone kama magurudumu ya mbele yanachimba.