Msipime Reale za Marehemu kwa Jumla

Miezi michache nyuma niliitwa Wete, Pemba, na jamaa zangu wa upande wa baba. Bibi yao mkubwa alikuwa amefariki, matanga yamekwisha, na warithi walikuwa wamekaa barazani kugawa mirathi. Mikarafuu walishaihesabu na nyumba walishaikadiria. Kilichobaki ni mfuko wa kaniki uliokuwa chini kabisa ya kasha, na ndani yake sarafu za fedha za kizamani 31. Sonara alikwisha kuziona na kutoa bei: kwa gramu, zote pamoja. Ami yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akisimamia mgao, aliniita tu ili niseme kama ile bei ya gramu ni ya haki.

Ilikuwa ya haki. Sonara yule hakumdhulumu mtu. Lakini mizani inajibu swali moja tu, kuna fedha kiasi gani humu, na lipo jambo ambalo mizani yake katika hilo inatosha. Kwa mwenye kutaka kujua kama amefikia nisabu ya zaka, yaani kile kiwango ambacho zaka huanzia kuwajibika, uzito ndio unaotakiwa. Reale moja ya Sham, ile sarafu ya fedha ya kizamani, ina gramu 28 na kitu, fedha safi ndani yake ni gramu 23.4 hivi, na kwa nisabu ya gramu 595 wanayoihesabu wanazuoni wengi, reale 26 zinatosha kumwajibisha mtu. Mirathi na biashara ni habari nyingine. Humo kila kipande kina bei yake, na warithi wanaouza kwa jumla huenda wanamnyima mmoja wao haki bila ya kujua.

Tukazimwaga juu ya mkeka, tukazipanga. Nyingi zilikuwa reale za Sham, zile zenye sura ya mama mnene mwenye ushungi, Maria Theresa wa Austria, na tai wa vichwa viwili mgongoni. Zote zina mwaka 1780. Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika, na kwa masikitiko nasema wapo wauzaji wa Mji Mkongwe wanaouendeleza udanganyifu huo mbele ya wageni: "Hii ina miaka zaidi ya mia mbili." Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na tangu hapo mwaka ule ule ukawa unarudiwa kupigwa kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu hawakuamini sarafu nyengine. Vienna waliendelea kuzipiga. Mussolini alipozitaka kwa ajili ya Uhabeshi mwaka 1935 alipewa mihuri ya kuzipigia akazipiga Roma, halafu London, Paris, Brussels, Bombay na hata Birmingham wakapiga zao. Reale iliyoandikwa 1780 inaweza kuwa rika la babu yako. Wajuzi huzitenganisha kwa vitu vidogo vidogo: idadi ya lulu katika ile bruchi ya begani, umbo la manyoya ya mkia wa tai, alama ya msalaba baada ya mwaka. Kwa hiyo reale ya Sham ya kawaida, iliyochakaa, thamani yake haiendi mbali na fedha iliyomo, na mwenye kukwambia vinginevyo anakuuzia hadithi.

Moja katika hizo ilikuwa ya bandia. Haikuhitaji mashine kubwa kuijua. Nilichukua mizani ndogo ya dijitali, nikaweka juu yake gilasi ya maji, nikairudisha kwenye sufuri, nikaifunga reale kwa uzi na kuining'iniza ndani ya maji bila kugusa chini. Reale ya kweli huongeza gramu 2.75 hivi, gawa 28 kwa 2.75 utapata 10.2, yaani ni nzito kuliko maji ya ujazo ule ule mara kumi na kitu, na huo ndio uzani wa fedha iliyochanganywa na shaba kidogo. Ile moja ilikuja na 8 na kitu. Ukingoni nako, pahala penye maandishi ya Kilatini yaliyopigwa kwa nguvu, yake yalikuwa yamefifia kama yaliyomiminwa kwenye kalibu.

Zilikuwamo na rupia za Victoria, gramu 11.66 kila moja na fedha nzuri kuliko ya reale. Ukiona ameandikwa malkia, ni ya kabla ya 1877. Baada ya hapo anaandikwa mfalme mkuu wa kike wa India. Mbili za Wajerumani, zenye kichwa cha Wilhelm na kofia yake ya tai, nilizitazama kwa hamu nikitafuta ile sarafu ya thamani ya rupia mbili ya 1893 au 1894, ambayo ni adimu. Haikuwamo. Shilingi za Afrika ya Mashariki za Mfalme George zilikuwa tatu, na hizo fedha yake ni robo tu.

Halafu ikaja ile iliyonifanya ninyamaze. Haina sura ya mtu wala mnyama, Kiarabu kitupu, na mwaka 1299 wa Hijria. Reale ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, iliyopigwa Brussels, na 1299 hiyo ndiyo 1882. Watu wa hapa wanazijua zaidi pesa zake za shaba zenye picha ya mizani, kwa sababu hizo zilienea. Reale yake ya fedha ni chache, na wakusanyaji wa nje huitafuta kwa bei isiyo na uhusiano wowote na gramu. Sonara alikuwa ameiweka katika fungu moja na zile za Sham.

Na ilikuwa inang'ara. Niliuliza kwa nini. Kijana mmoja wa nyumba ile alikuwa ameichukua pamoja na reale kumi nyengine akazisugua kwa ukwaju na majivu, kama vinavyosafishwa vikuku, ili ziwe na heshima mbele ya mnunuzi. Alifanya kwa nia njema, na nilikaa na nia ile njema moyoni muda mrefu kwa uchungu.

Naomba tuelewane katika hili. Weusi unaoishika fedha si uchafu. Ni fedha yenyewe imeungana na salfa ya hewani, polepole, miaka kwa miaka, na hewa yetu ya pwani haina haraka wala haipumziki. Chini ya weusi ule uso wa sarafu umekaa kama ulivyotoka kwenye mhuri. Sarafu ambayo haikupita mikononi, ukiigeuza mbele ya dirisha, mwanga huzunguka juu yake kama tairi la gari. Iliyosuguliwa humeta kote kwa pamoja, kisha chini ya kioo cha kukuza unaona mikwaruzo elfu moja inayokwenda upande mmoja. Wale wanaopanga daraja za sarafu hutumia kipimo kilichotungwa Marekani mwaka 1949, cha namba 1 hadi 70. 60 kwenda juu ni sarafu isiyochakaa. Iliyosuguliwa hawaipi namba kabisa. Huandika tu kwamba imesafishwa, na bei inaporomoka hapo hapo. Weusi unaweza kurudi. Uso haurudi.

Hata hivyo nilimwambia Ami kwamba reale ya Barghash iliyosuguliwa bado si sawa na ya Sham, na isitiwe katika fungu moja. "Basi tuitenge," akasema, "na mwenye kuitaka ikatwe katika haki yake." Dada yake mkubwa aliitaka. Zile za Sham mbili zilizokuwa na kitanzi cha mkufu pia nilisihi zisiuzwe kwa gramu. Mkusanyaji wa Ulaya ataziita mbovu. Mimi naziona ndizo za kwetu hasa, kwa sababu zinaonyesha shingo ipi zilipita. Rupia moja ya 1862, nyeusi kabisa na isiyoguswa, nikaitia katika bahasha ya karatasi, si plastiki laini ya PVC, maana plastiki ile huacha ute wa kijani.

Zikabaki reale kumi za Sham zilizosuguliwa. Tulimrudishia sonara. Akazitia mizanini, akatoa bei yake ya kwa gramu, na safari hii sikuwa na la kumjibu.