Mercator aliwachorea mabaharia
Kudai, kama inavyodai makala ninayoijibu hapa, kwamba mchora ramani Gerardus Mercator aliichora ramani yake ya mwaka 1569 ili kuikuza Ulaya na kuidunisha Afrika ni kumwonea, kwa kuwa jina refu la ramani hiyo lenyewe linatamka kuwa imetengenezwa kwa matumizi ya mabaharia. Mchoraji huyo wa Flanders, eneo la Ubelgiji ya leo, alitaka nahodha apige mstari ulionyooka kati ya bandari mbili na kuufuata kwa pembe ileile ya dira, jambo lililomlazimu kuzidisha nafasi baina ya mistari ya latitudo kadiri inavyokaribia ncha za dunia. Ndiyo maana Greenland, kisiwa kilicho karibu na ncha ya kaskazini, huonekana kwenye ramani hiyo karibu sawa na Afrika, iliyo kubwa kuliko kisiwa hicho mara 14 hivi. Kosa ni la waliozitundika ramani za namna hiyo madarasani, ambako hakuna chombo cha baharini cha kuongozwa. Je, wasomaji wenzangu, mlielezwa haya shuleni?