Joto la uso wa bahari lisikudanganye

Ukionyeshwa ramani ya modeli ya kompyuta ya bahari yetu ya Zanzibar na Pemba inayofanana kabisa na picha ya setilaiti, usishangilie bado. Uliza kwanza: joto la uso limeachwa huru, au limefungwa kamba kama mbuzi?

Modeli nyingi hulifunga. Joto likiachana na la setilaiti, programu huongeza au hupunguza, tuseme, wati 40 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi 1 ya tofauti. Hata ukikata kamba hiyo, joto la hewa linalotoka ERA5, kumbukumbu ya hali ya hewa ya dunia ambayo modeli hulishwa, huizuia bahari isiende mbali. Ndiyo maana kulinganisha uso peke yake ni mtihani mwepesi mno.

Na bado makosa madogo yana uzito. Mlango-bahari wa Zanzibar ni wa maji mafupi, mita 30 hadi 60 sehemu kubwa. Kosa la wati 20 tu kwa mita ya mraba, pengine mawingu yamekadiriwa vibaya, hupasha safu ya maji ya mita 20 nyuzi 0.6 kwa mwezi. Tahadhari ya matumbawe kupauka huanza nyuzi 1 juu ya wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote. Hapo zaidi ya nusu imeshaliwa na kosa.

Mlango-bahari wa Pemba, wenye kina kirefu, ndiko kwenye kazi. Modeli huigawa bahari kwa gridi ya vyumba viitwavyo seli. Weka seli mbili jirani, moja ya mita 40 na nyingine ya mita 800: gawanya tofauti ya vina kwa jumla ya vina hivyo, upate 0.9, wakati wengi wetu tunaounda modeli tunataka isizidi 0.2. Ukiacha hivyo, modeli yenye tabaka zinazofuata sakafu huzua mikondo ya uongo. Ukiilainisha sakafu, mteremko huo unahitaji hatua 8 hivi za seli, yaani kilomita 32 kwenye gridi ya kilomita 4. Mlango wenyewe utabaki na nini? Gridi ya kilomita 1 inaushusha hadi kilomita 8, ila hesabu inakuwa ghali mara 64: seli mara 16, hatua za muda mara 4. Mimi ningeilipa gharama hiyo, lakini kwa Pemba tu, si pwani nzima.

Kabla ya hapo, zima upepo, maji kujaa na kupwa, na joto la jua na la hewa. Panga tabaka za joto ziwe bapa, yaani kila kina kiwe na joto lile lile kila mahali, funga mipaka, endesha siku 10. Bahari ya namna hiyo haina sababu ya kusogea. Mkondo wowote utakaouona kando ya Pemba umetengenezwa na gridi yako.