Reli ikifa isiuzwe kwa kilo

Huku Malindi hatuna reli na hatujawahi kuwa nayo, ukitaka treni panda matatu mpaka Mombasa, sa watu wananishangaa mbona nimeshikwa na hii kitu ya kufuata reli zilizokufa. (Wa Lamu msicheke, nyie mnangojea yenu ya LAPSSET, ule mradi wa bandari, barabara na reli, tangu 2012.) Mi naona ni kazi ile ile ya kutunza magofu ya mji wa kale wa Gede, tofauti ni kwamba mawe ya Gede yana askari na tiketi, chuma kinabebwa na watu wa skrepu.

Chukua ile ya Voi kwenda Taveta. Wajerumani walishika Taveta Agosti 1914, Waingereza wakaona jeshi haliwezi kuvuka nyika kavu vile bila maji na chakula, 1915 wakaanza kutandika reli kutoka Voi kupitia Maktau na 1916 ikaungana na ile ya Wajerumani ya Tanga hadi Moshi pale Kahe. Reli ya vita kabisa, imejengwa mbio mbio.

Ukienda kutafuta laini kama hiyo usianze na chuma, anza na tuta. Treni haipendi mlima, kwa hiyo ukiona ardhi imeinuliwa sawasawa na inapinda polepole bila kona za ghafla kama za barabara, hapo simama uangalie vizuri, shuka kwenye korongo, kalvati la kupitishia maji chini ya tuta hubaki hata reli ikishang'olewa. Mataruma ya chuma, yale yanayolazwa chini ya reli kuishikilia, nayo huhamia kwa watu yakawa nguzo za geti. Na kipande cha reli ukikisugua ubavuni mara nyingi unasoma jina la kiwanda na mwaka, hapo ndo roho inaniuma, manake ukikiyeyusha na tarehe imeenda.

Kuna ya zamani zaidi hata tuta lake hupati. 1890 IBEA, kampuni ya kikoloni ya Waingereza, ilianza kareli kembamba kutoka Mombasa, wakakaita Central Africa Railway, jina kuuubwa, kakaenda maili chache tu kakaachwa. Vyuma vikarudi kisiwani vikawa njia za troli, mabwana wamekaa kivulini wanasukumwa na vijana wetu kwenye jua.

Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu baada ya nguzo za stima kuanguka, Mei ikafunguliwa tena. Sawa, stima ikipotea nchi nzima inapiga kelele, lakini taruma la 1915 likiondoka Maktau nani atalia? Mi ningesema hizi laini ziorodheshwe kama magofu, kipande kwa kipande, na kazi hiyo wapewe vijana wa huko huko wenye simu. Na kama una babu aliyewahi kufanya kazi laini ya Taveta, muulize leo vituo viliitwaje na injini ilikuwa inajaza maji wapi, umrekodi.